Dakika Nne Nilizokuwa Nikizikata

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Barua yangu ilisema "kuacha kazi kwa hiari", lakini ofisi ya utumishi haikuwa na fomu ya kijana anayeondoka, kwa hiyo nilijaza ile ya wazee, yenye kisanduku cha "Nasaha kwa wanaobaki" na mistari mitatu chini yake. Mistari mitatu haikunitosha. Ndiyo maana nawaandikia haya, nyie mliobaki kwenye chumba cha podikasti. Mnaweza kuyaacha katikati bila mtu kujua, kama msikilizaji anavyoweza kuwaacha nyie.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili na vyote vilibadilisha kiti tu. Nitaeleza kazi.

Nilifika redioni kutoka hosteli za Mabibo, nikiwa na shahada ya mawasiliano ya umma na imani kwamba redio ya umma ni mgonjwa ambaye ndugu zake wanaona haya kumwambia ukweli. Nilisema hivyo kwenye usaili. Sijui kwa nini walinichukua. Labda walitaka mtu wa kulaumiwa baadaye. Walinipa kazi ambayo hakuna mtu mwenye shahada aliyekuwa akiitaka, kukaa kwenye dirisha la matangazo ya vifo.

Dirisha lenyewe mnalijua, siku hizi wameweka mashine ya maji pale. Watu walikuja na karatasi. Kwenye karatasi kulikuwa na jina la marehemu, mahali alipofia, siku na saa ya maziko, kisha orodha ndefu ya majina: habari ziwafikie fulani wa Tandika, fulani wa Mkuranga, fulani wa Morogoro, popote walipo. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha majina yanasomeka, kudai barua ya serikali ya mtaa, na kusema pole. Barua niliona ni urasimu, nikauliza inatusaidia nini. Jibu lilikuja lenyewe wiki ya pili.

Alikuja mwanaume mmoja wa makamo, shati limefungwa hadi kooni, akaweka viwiko dirishani.

"Binti, mie ndiye marehemu."

"Pole," nikasema, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kumwambia kila anayefika pale.

"Pole ya nini? Nifuteni! Tangu jana watu wanalia nyumbani kwa mama yangu, wameshakula mchele wote."

Ilikuja kujulikana kuwa tangazo lililetwa na mke wake mkubwa, ambaye alikuwa hajamwona nyumbani mwaka mzima. Alitaka tu kujua kama mumewe bado anasikiliza redio. Alikuwa anasikiliza. Tangu siku hiyo nilidai barua kwa kila mtu, hata kwa waliokuja wakilia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kibwana, fundi mitambo, aliyerekodi matangazo hayo kila siku kabla ya kipindi cha alasiri. Ujana wake wote alikata utepe wa sauti kwa wembe na kuuunga kwa gundi. Alikuwa na kovu kwenye kidole gumba alilokuwa akilionyesha kama askari anavyoonyesha la kwake. Mie nilikuta kompyuta. Alinikalisha mbele yake, akanivalisha hedifoni, kisha akazima kioo cha kompyuta.

"Sasa kata."

"Mzee, sioni kitu."

"Ndiyo. Kata kwa sikio. Hivyo vilima unavyoviona kwenye kioo ni kivuli cha sauti. Ukimkata mtu kwa kufuata kivuli, utamkata shingo."

Nilidhani ni majivuno ya wazee. Nilikata vibaya wiki tatu, nikameza nusu ya majina ya watu, mpaka nikajua mahali mtu anapovuta pumzi na kwamba pale ndipo pa kukata. Nilimuuliza pia kwa nini tunapoteza dakika nne nzima za kipindi kusoma orodha za majina ambazo hazimhusu msikilizaji yeyote isipokuwa wale waliotajwa. Alijibu kwamba hao waliotajwa ndio tunaowatangazia. Sisi wengine tunaruhusiwa tu kusikiliza. Sikuridhika. Watu hubadilisha laini za simu kama kanga, akasema, lakini redio haina namba ya kubadilisha.

Mwaka wa pili nilihamia kwenye kipindi chenyewe cha alasiri, kile cha hadithi za watu wa kawaida, chenye vifo katikati yake. Hapo ndipo nilipoanza kupigiwa simu na msikilizaji mmoja, Bi Tatu.

Alipiga karibu kila siku, dakika moja baada ya matangazo. "Leo msomaji kameza jina. Ni Mwanahawa au Mwanahamisi?" Tukamsomea upya. Wenzangu walimwita Mkaguzi. Nilipotumwa kurekodi wasikilizaji wetu majumbani mwao nilianza na yeye, Mbagala Kizuiani, nyumba ya udongo mwekundu iliyopigwa lipu upande wa mbele tu. Nilimkuta ukumbini anasuka ukili wa mkeka, redio ya betri iko juu ya kigoda, imefungwa kwa mpira ili mfuniko wa betri usianguke.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiyo wewe wa redio? Mbona mdogo? Kwenye simu una sauti ya mtu aliyeachika mara mbili."

"Bado hata mara moja, bibi. Kwenye kipindi chetu unapenda nini hasa?"

"Vifo."

"Na zile hadithi?"

"Hizo napitishia muda nikisubiri vifo."

Niliuliza kwa nini, maana siku zote nauliza kwa nini. Akanieleza bila kusimamisha ukili. Alikuwa na kaka mmoja tu aliyebaki, Seif, anaishi Kisiju kwao. Mama yao alikuwa amefia hapo Mbagala, katika chumba cha nyuma, mwaka ambao mvua ilikata barabara ya Kisiju. Bi Tatu alisubiri siku moja, maiti haingeweza kusubiri zaidi, akamzikisha hapo hapo. Seif alifika siku iliyofuata akiwa na matope hadi magotini. Alitaka mama alale kando ya baba yao, kama alivyoahidiwa. Alisimama mlangoni akasema, "Umemzika mama kama mpita njia," akageuka. Ilikuwa imepita miaka kumi na sita.

"Si umwendee tu mkapatane?"

"Nimekwenda mara mbili. Alifunga mlango, akafungulia redio mpaka mwisho."

"Sasa vifo vinakusaidia nini?"

"Namba yangu hana, wala hataki kuwa nayo. Akitangulia yeye, wanawe watatangaza redioni, hawana njia nyingine. Nataka nifike kabla hajatolewa ndani. Nimfunue uso nimwambie, Seif, nimekuwia radhi, nawe niwie radhi. Siku hiyo hawezi kufunga mlango."

"Na ukitangulia wewe?"

"Atasikia. Seif hapitwi na vifo. Saa kumi kamili yupo pale, kama mie nilivyo hapa."

Nikaondoka nikifikiri juu ya watu wawili wasiosemezana wanaokaa kila alasiri mbele ya redio mbili, kila mmoja akisubiri jina la mwenzake. Nililiona jambo la kuhuzunisha na la kijinga. Mie nilikuwa nimezaliwa bara, baba na mama walimu. Kwetu ugomvi humalizwa kwa kikao na kuandika muhtasari.

Kisha usikilizaji ukaanza kubadilika, na nikatumwa kutazama unabadilikaje. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Saluni moja ya wanaume Kinondoni nilikuta redio yetu inaunguruma juu ya kioo. Niliwauliza watu wanne waliokuwa kwenye foleni mtangazaji amesema nini sasa hivi. Hakuna aliyejua.

"Sista, usiumie," kinyozi akaniambia. "Hiyo redio kazi yake ni mteja asisikie mashine."

Sokoni Mabibo wapakuaji wa ndizi walikuwa na waya masikioni, upande mmoja tu, upande wa pili wameuacha kwa ajili ya tajiri anayewaita. Mmoja alikuwa anasikiliza mahubiri, mwingine uchambuzi wa mpira, wa tatu hadithi ya kutisha aliyoishusha usiku kwa sababu usiku bando ni rahisi. Walikuwa wanasikiliza kweli, kwa makini, kuliko mtu yeyote niliyemwona mbele ya redio. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa anatusikiliza sisi.

Nami nilikuwa nimeshanogewa, nikiri. Nikitoka kazini nilishuka stendi ya Mbezi Luis na kutembea dakika arobaini hadi kwangu, na njia nzima nilisikiliza podikasti za redio za umma za huku na kule, watu wakieleza mambo madogo kwa uangalifu mkubwa. Mwanamke fulani alikuwa anaeleza jinsi alivyomtambua mumewe kwa kikohozi baada ya miaka mingi. Akanyamaza, nami nikarudisha nyuma nisikie tena ule unyamavu. Redio hairuhusu hivyo, inakupita. Nilisimama kando ya barabara nikausikiliza mara tatu, na mwanamke mwenye beseni la nyanya akaniuliza kama nimepokea msiba.

Kwa hiyo nilipendekeza, na mkuu wa vipindi akakubali. Kipindi cha alasiri kikawa kinapakiwa kila siku saa kumi na mbili jioni kama kilivyorushwa, pamoja na vifo vyake. Wakati ule redio ya Bi Tatu ilikuwa imekufa. Kitufe cha kutafutia mawimbi kilikuwa kimelika mpaka kikawa kinazunguka bila kushika kitu. Nilimpelekea simu yangu ya zamani, nikamwonyesha pa kubonyeza. Mpwa wake akakubali kuweka bando. Wiki ileile akanipigia.

"Egla, hiki kitu kitamu! Namwambia mtangazaji subiri niswali, anasubiri. Marehemu mume wangu hajawahi kunisubiri hata mara moja."

"Na hadithi?"

"Ya yule mkunga nimeisikiliza mara mbili. Nilikuwa sijui mna hadithi nzuri hivyo. Siku zote nilikuwa naogopa kupitwa na vifo, hata sielewi mnachosema."

Nilimsimulia kila mtu ofisini. Nilimtumia kama mfano kwenye mada yangu mbele ya wakurugenzi: bibi wa miaka sabini na kitu, Mbagala, amehamia podikasti. Walipiga makofi.

Mwezi wa tatu wa podikasti likatokea lile la mama mmoja wa Gongo la Mboto. Alisikiliza Jumapili kipindi cha Jumatatu iliyotangulia, akasikia shemeji yake amefariki, maziko kesho. Alilia njia nzima, akafika akakuta turubai limeshashushwa na watoto wanacheza. Alikuja redioni kutugombeza, na alikuwa na haki. Redioni tangazo hupita na siku yake, lakini kwenye podikasti "kesho" inabaki kesho milele.

Mkuu wa vipindi aliitisha kikao. Mie nilikuwa na jibu tayari, kwa sababu nilikuwa nimefanya kile nilichokiita utafiti: nilizipigia simu familia zilizoleta matangazo mwezi mmoja nikaziuliza kama wale waliotajwa kwenye orodha walifika kwa sababu ya redio. Wengi walicheka. Walikuwa wamepigiwa simu kabla hata maiti haijaoshwa. Nikasema kikaoni kwamba matangazo haya ni desturi inayojitangaza yenyewe. Tuyaache redioni, tuyakate kwenye podikasti. Mzee Kibwana alikuwa amebakiza wiki mbili kustaafu, kustaafu kweli. Aliuliza swali moja tu:

"Na wachache ambao si wengi?"

"Wana redio," nikasema.

Pendekezo likapita. Siku ya tatu simu ikalia.

"Egla, kwani siku hizi watu hawafi?"

Nilimweleza. Akasema basi atatafuta redio. Hapo ndipo niliposema maneno ambayo ningependa kuyakata kuliko chochote nilichowahi kukata.

"Usihangaike, bibi. Mie ndiye ninayeyakata. Yote yanapita mkononi mwangu. Likija la kwenu nitakupigia hapo hapo."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Haya. Basi wewe ndiye sikio langu."

Miezi ya mwanzo nilisikiliza kila tangazo kabla ya kulifuta. Niliandika kwenye karatasi "Seif, Kisiju" nikaibandika pembeni ya kioo. Lakini nyie mnaijua kazi. Vipindi viliongezeka vikawa vitano kwa siku. Matangazo ya vifo huanza na mlio wa kinanda na kuishia na uleule, na kwenye kioo milio hiyo ni vilima viwili vinavyofanana, huwezi kuvikosa. Unashika kilima cha kwanza, unaburuta hadi cha pili, unafuta. Sekunde sita. Hata hedifoni huhitaji kuvaa. Sikumbuki siku niliyoanza kufanya hivyo. Hilo ndilo linalonitisha zaidi: hakukuwa na uamuzi. Nikakata kwa macho mwaka mzima, na hakuna aliyelalamika, na kipindi kikawa kinatiririka vizuri mpaka tukasifiwa.

Simu ya Bi Tatu ilikuja asubuhi moja nikiwa natafuta chai.

"Egla. Seif katangulia."

"Pole, bibi. Lini?"

"Unaniuliza mie?"

Akakata. Nilibaki nimeshika kikombe, na kabla sijahisi kitu chochote cha heshima, nilichokifikiria ni kwamba huenda hawakutangaza. Labda wanawe hawakuleta karatasi. Nilishuka mbio kwenye kumbukumbu za matangazo ya moja kwa moja, zile zinazohifadhiwa miezi mitatu kisha kufutwa, nikaanza kurudi nyuma siku baada ya siku nikiomba nisilikute. Nililikuta la siku sita nyuma. La pili kutoka mwanzo. Sauti ya msomaji ilikuwa safi, hakumeza jina hata moja.

Niliazima gari la ofisi nikaenda Kizuiani. Bi Tatu alikuwa amekaa ukumbini, ukili haupo. Alinieleza bila kunitazama. Jana yake alikuja mtoto wa Seif, mtu mzima mwenye mvi, hakukubali hata kuketi. Alisema, "Shangazi, hata redioni hukusikia? Au ulisikia?" Akaacha swali hilo hapo mlangoni, mahali palepale ambapo baba yake aliacha neno lake.

"Walitangaza?" akaniuliza.

Ningeweza kusema hapana. Miezi mitatu ikipita faili ingefutika, na hakuna mtu duniani angejua. Nawaambia hili kwa sababu wengi wenu mtafikiria hivyohivyo siku yenu ikifika, msijione wabaya kuliko mlivyo.

"Walitangaza, bibi."

"Unalo?"

"Ninalo."

"Lisemeshe."

Nikabonyeza. Kinanda kikalia, cha taratibu. Kisha msomaji: Familia ya Mzee Seif Mwinyimvua wa Kisiju inasikitika kutangaza kifo cha mzee wao, kilichotokea leo alfajiri nyumbani kwake. Habari zimfikie dada yake, Bi Tatu Mwinyimvua wa Mbagala, popote alipo. Kwa wosia wa marehemu, hatatolewa ndani mpaka dada yake afike. Maziko ni kesho baada ya sala ya adhuhuri.

Hakukuwa na jina jingine. Orodha yote ya Seif ilikuwa mtu mmoja.

Bi Tatu alisikiliza ameinamisha kichwa upande, kama anayemsikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Alisema nisubiriwe."

"Ndiyo."

"Walisubiri mpaka saa ngapi?"

"Sijui, bibi."

"Mie najua. Kijana kaniambia. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaadhiniwa, jua likaanza kushuka, masheikh wakasema haifai tena." Akavuta kanga ikamfunika mdomo. "Siku hiyo nilisikiliza ile ya mvuvi wa pweza. Nilicheka, Egla. Nilirudisha nyuma nicheke tena."

Nikaanza kusema samahani, akainua kiganja.

"Wewe nakujua, si mbaya. Lakini uliniambia wewe ni sikio. Ungeniambia huna nafasi, ningekaa dukani kwa Mpemba, penye redio, kila siku, saa kumi, nisikie mwenyewe. Nina miguu."

Akanirudishia simu. Alikuwa ameizungushia kitambaa ili isichubuke.

Nilirudi kazini na pendekezo: faili fupi ya vifo peke yake, kila siku, inayojifuta kesho yake baada ya maziko. Kitaalamu ni jambo dogo, nililitengeneza mchana mmoja. Mkuu wa vipindi alilisikiliza lote, ni mama mwelewa, akaniuliza nani atafungua podikasti ya maiti akiwa njiani kwenda kazini. Nikasema sijui. Akasema tutalijadili robo ijayo. Nilisubiri robo mbili. Sikuondoka kwa hasira, wala sidai kwamba nimeondoka kwa dhamiri. Huwa nawashuku watu wanaosema hivyo. Nilikuwa siwezi tena kuona vile vilima viwili. Nikivaa hedifoni kusikiliza kila kitu, vipindi vitano vilinishinda. Nisipozivaa, mikono ilikataa.

Nasaha zangu basi, kama kisanduku kinavyotaka. Podikasti ni kitu kizuri, msimruhusu mzee yeyote awaambie vinginevyo. Mnachokitengeneza kinasikilizwa kuliko kile kilichokuwa kikiunguruma kwenye saluni ya Kinondoni. Lakini kisikilizeni kile mnachokitupa, chote, mpaka mwisho. Na msimuahidi mtu masikio yenu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kizuiani. Nilikuwa nimeshampelekea redio mpya, akaipokea. Nilimkuta ukumbini, ukili umerudi mikononi, redio iko juu ya kigoda, na saa kumi ilikuwa imekaribia. Akaninyooshea kidole cha kunyamaza. Kinanda kikalia.

"Bado unasikiliza, bibi?" nikamnong'oneza. "Unamsubiri nani sasa?"

"Sina. Nasikiliza vya wenzangu. Nyie wote mmeziba masikio, nani atavisikia?"

La tatu lilikuwa la mzee wa Utete. Habari zimfikie binti yake, Zuhura, wa Mbagala Kizuiani, popote alipo. Bi Tatu akaweka ukili chini, akajifunga kanga ya pili.

"Ni huyu wa nyumba yenye mkaa. Aliibiwa simu juzi, ana laini mpya. Twende."

Nyumba yenye mkaa ilikuwa ya nne kutoka pale. Zuhura alikuwa uani anaosha sufuria, ametugeuzia mgongo, nyaya mbili zinashuka kutoka masikioni hadi kwenye simu iliyochomekwa kifuani. Alikuwa anacheka peke yake. Bi Tatu akasimama mlangoni, akanisukuma begani.

"Sema wewe. Kazi yenu hii."

Nikamgusa. Akageuka akiwa bado anacheka, akatoa waya mmoja kwa kidole chenye povu. Nikamtajia jina la baba yake. Nikasema Utete, leo asubuhi, maziko ni kesho saa saba, bado ana muda wa kufika. Aliendelea kunitazama na lile cheko usoni, nikarudia tena kila kitu tangu mwanzo, kwa sababu waya mmoja ulikuwa bado sikioni.